Kitabu Kilichochimba Kilima Chetu

Karuba, tarehe 6 Machi 2022

Mdogo wangu Viateur,

Salamu kutoka kwa kilima kilichokulea. Sisi tuko, tunapumua, na barua hii ikikukuta na afya nitamshukuru Mungu mara mbili. Papa anakohoa asubuhi, lakini mchana anakula. Yule ng'ombe wa madoa amezaa jike. Maharagwe yameota vizuri ingawa mvua ilichelewa. Magloire anakusalimu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu zetu zote zimekusanywa kwenye gunia. Barua anaileta Luc, yule wa pikipiki anayebeba fromage, zile jibini zetu, mpaka huko Walikale. Ameikunja chini ya kiti, na nimemwambia akifika barieri ya wenye bunduki barabarani asikohoe hata kidogo.

Sasa neno lenyewe. Watu wenye bunduki wamekaa kwetu. Wanatoka misitu ya mbali, mkubwa wao anaitwa Afande Samy. Hawakuja kutafuta ng'ombe wala vijana kama wale wengine. Walikuja na kitabu chako. Ndiyo, Viateur, *Chini ya Maharagwe*, kile kilichopigwa chapa Goma, jalada limetoka na kurasa zimechakaa kwa kushikwa. Afande alisimama mbele ya kanisa akakiinua juu, akawauliza Wakaruba wote: "Ile kilima ya mikaratusi tatu, yenye maji ya ng'ombe chini na kaburi ya mama juu, iko wapi?"

Akamchukua Mzee Byukusenge wa nyumba ya kwanza, akamvunja meno kwa kitako cha bunduki, akauliza tena. Papa ndiye aliyejibu. Alisema: "Muache huyo. Kilima ni yangu, na mwenye kuandika ni mutoto wangu."

Tangu siku hiyo tunachimba. Asubuhi wanatutoa kama kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kijiji, wanaume kwa wanawake, wanatupandisha shambani kwetu. Maharagwe niliyokutajia hapo juu, ukweli ni kwamba yameng'olewa yote isipokuwa mistari michache kando ya choo. Afande anasema mshipa wa madini ya coltan unapita chini ya kaburi la Mama, kwa sababu wewe umeandika hivyo. Mimi nilimwambia ni roman, ni hadithi tu. Alinipiga kofi, akaniambia mtaalamu wa mawe hawezi kuandika hadithi tu juu ya mawe.

Anataka uje umwonyeshe mahali penyewe. Asipokuona, anasema Papa atachimba mpaka ama aone coltan ama azikwe mle mle. Papa ana umri gani unajua mwenyewe. Fanya kitu.

Dada yako, Drocella


Walikale, tarehe 2 Aprili 2022

Dada Drocella,

Barua yako nimeipata ikinuka fromage na mafuta ya pikipiki, nikaisoma, halafu nikaisoma tena. Huku tuko salama kiasi. Mvua ni zile za Walikale zisizojua kupumzika, na barabara ya Masisi ni matope mpaka kwenye tumbo la lori. Nakula vizuri. Mpe Papa pole ya kikohozi, na Mzee Byukusenge umwambie nalia kwa ajili ya meno yake.

Dada, nisikilize. Nilipoandika kitabu kile nilikuwa Bukavu, mchana nakata mawe na kuyaangalia kwa hadubini, jioni naandika nyuma ya karatasi za maabara kwa sababu sikuwa na nyingine. Nilitaka kusimulia mkulima anayemuua kaka yake kwa ajili ya coltan. Huyo mkulima alihitaji kilima cha kukaa. Mimi sikuwa na kilima kingine moyoni, ni hicho kimoja tu, kwa hiyo nikampa mikaratusi yetu na maji yetu na kaburi la Mama. Kila kitu mle ni cha kweli isipokuwa coltan.

Kilima chetu ni lava ya zamani iliyopoa. Coltan haikai ndani ya lava, haijawahi kukaa na haitakaa. Inakaa kwenye mawe meupe ya upande wa pili, mbali na kwetu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Nimekuandikia ripoti kamili yenye ramani, majina ya mawe, sahihi yangu na muhuri wa kazi. Mpe Afande. Nimeiandika kwa lugha ya kitaalamu ili aone ni mambo mazito.

Kuja mwenyewe siwezi kwa sasa. Kazi imenibana sana.

Mbona Magloire hakuongeza hata mstari mmoja? Shemeji huyu hajawahi kuniacha bila utani. Mwambie bado ananidai mchezo wa karata.

Mdogo wako, Viateur


Karuba, tarehe 29 Aprili 2022

Viateur,

Tunakusalimu. Papa yuko. Ng'ombe wa madoa wamemla, na ndama wake pia. Emérita wa jirani anakusalimu kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia waliuponda kwa jiwe alipoangusha kikapu cha udongo.

Ripoti yako nilimpa Afande mbele ya watu wake. Aliuangalia muhuri, akaigeuza karatasi, akacheka mpaka akashika mbavu. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, ili ujue tunaishi na mtu wa namna gani.

"Mwalimu," aliniambia, "rapport njo uongo. Muntu anaandikaka rapport juu banamulipa. Leo kampuni inamulipa, anasema coltan haiko. Kesho ingine inamulipa, anasema iko. Sasa ile kitabu, nani alimulipa? Hakuna. Muntu hawezi kujichosha kuandika makaratasi yote ile juu ya uongo, na hakuna mwenye kumulipa. Mu kitabu njo alificha ukweli yake."

Ripoti yako wamewashia moto wa chai.

Kila siku tukiteremka kutoka mashimoni ananikalisha kanisani, mimi nikiwa mwalimu, nisome kitabu chako kwa sauti. Wapiganaji wake wanakaa kwenye benchi za mbele na bunduki katikati ya magoti, sisi wachimbaji nyuma. Nikifika pale yule mkulima anapomkata kaka yake kwa panga, wanataka nirudie. Wewe ulipaandika vizuri mno pale. Nilikuwa nakusifu zamani kwa ukurasa ule, sasa nikiufikia nausoma bila kuuangalia. Kesho yake wanaenda kuchimba pale ambapo sentensi imewaelekeza, na mtu akisema hapa hakuna kitu, anapigwa kwa waya wa umeme mpaka aseme kipo.

Kaburi la Mama wamelifungua. Papa alipiga magoti akawaomba amtoe yeye mwenyewe, na wakamwachia. Alimkusanya kwenye shuka lake la Jumapili, mfupa kwa mfupa, akampeleka nyumbani, yuko chini ya kitanda chake. Halafu wale wakachukua udongo wa kaburi wakauosha kwenye beseni yangu ya vyombo, wanauzungusha na kuumwaga wakitafuta mchanga mweusi. Walipokosa, wakampiga mzee aliyekuwa amebeba mifupa ya mkewe. Sasa mguu wake wa kushoto anauburuta, ila hajaacha kusimama wima, unamjua na ule urefu wake.

Nina hasira na wewe, Viateur, na sitaki kuificha. Unakaa huko na kazi yako inayokubana. Njoo, ama andika kitu. Lakini usiniletee tena kitu chenye muhuri. Mtu huyu hamwamini mtaalamu, anamwamini yule mwandishi wa nyuma ya karatasi. Basi mwandishi huyo aamke.

Drocella


Walikale, tarehe 20 Mei 2022

Dada yangu,

Salamu ni chache leo. Nina afya. Huku kumetulia kidogo.

Niliisoma barua yako, kisha nikakaa kuandika. Ndani ya bahasha kubwa kuna sura mpya, kurasa kumi na kitu. Hiyo Luc aibebe waziwazi, hata barieri wakiisoma hakuna neno. Lakini barua hii ndogo isome, kisha itie motoni.

Unakumbuka mbuzi wa Mama? Nilikuwa mdogo, tulikuwa tunateremka Sake sokoni, tukakata njia ya mkato kwenye mawe ya lava. Mbuzi walikimbilia bonde lile lenye majani mazuri, wakalala mmoja baada ya mwingine, bila kidonda. Mimi nikataka kushuka kuwaamsha. Mama alinidaka kwa kola ya shati, akanitupa nyuma, akasema neno moja: mazuku. Tangu hapo tukapaita Shimo la Mbuzi. Dada, siku ile ndipo nilipopata kazi zangu zote mbili. Nilitaka kujua ni nini kimewaua, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuniambia, nikaanza kujisimulia.

Shuleni ndipo nilipojifunza kwamba ni hewa nzito inayotoka ardhini, haina harufu wala rangi, inalala chini ya bonde. Asubuhi kabla ya upepo inafika kiunoni, pengine kifuani. Aliyesimama wima na kichwa juu anaweza kukaa kitambo. Anayeinama anavuta mara mbili tatu, basi.

Wewe unalijua hilo na Wakaruba wote wanalijua. Afande Samy na watu wake ni wa msituni. Huku ninakokaa hakuna lava, na sijakutana na mtu anayelijua neno hilo.

Katika sura hii mkulima anazeeka, anakiri kwamba kilimani alidanganya, kwamba coltan yenyewe iko Shimo la Mbuzi. Nimeandika kwamba inaonekana alfajiri tu, upepo ukianza inajificha. Nimeandika kwamba ndege waliokufa pale ndio alama yake. Nimeandika kwamba usiwashwe moto, kwa maana moto ukizimika wenyewe hata mjinga ataanza kujiuliza. Nimeandika kwamba ni lazima kuinama na kukwangua kwa mikono. Mzee wa hadithi anasimama juu ya jiwe, wima, anaonyesha kwa kidole. Halafu anatoka, anarudi nyumbani na kuomba maharagwe.

Nimeua watu wengi kwenye karatasi na sijawahi kukosa usingizi. Hawa nimewaua kwa makusudi, nikiwa nimepima hewa na saa, na nataka wafe kwelikweli. Wasomee.

Umesahau tena kunijibu juu ya Magloire.

Viateur


Karuba, tarehe 11 Juni 2022

Viateur,

Tuko. Papa amekonda. Barua ndogo nimeichoma, bahasha kubwa iko chini ya kitanda pamoja na Mama.

Sura yako ni nzuri kuliko zote ulizoandika. Lakini wewe uliye mbali, je, uliwaza nani hutangulia shimoni? Huku hakuna mpiganaji anayeshuka kwanza. Kila shimo jipya, kwanza ni sisi. Tukirudi tukiwa hai, ndipo wao wanashuka. Umepima hewa, umepima saa, umesahau kupima desturi ya Afande. Shimo la Mbuzi atatutia sisi, nasi tukilala kama mbuzi yeye atasimama ukingoni na kusema, kumbe.

Kwa hiyo sikuisoma. Nilitaka kuichoma hiyo nayo. Bahati mbaya Papa aliniona nikilia juu ya karatasi, akasema nimsomee. Nilimsomea mpaka mwisho, tumekaa jikoni mchana kweupe. Alicheka, Viateur. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu walipofika. Unajua alivyozoea kukutania, kwamba una kazi mbili, moja ya kupima mawe na ya pili ya kuyasingizia. Akasema: "Leo njo amefanya kazi moja." Kisha akauliza yule mzee wa kitabu anasimama wapi hasa, na jiwe lile linafika wapi kwenye mwili wa mtu mrefu.

Nilimwambia hapana. Aliniambia mimi ni mtoto wake, sio mama yake.

Umeniuliza mara mbili kuhusu Magloire. Ukiuliza mara ya tatu sitakuandikia tena.

Drocella


Walikale, tarehe 30 Juni 2022

Dada,

Usiisome. Ichome. Nakuomba kwa mifupa ya Mama iliyo chini ya kitanda, usiisome, na umzuie Papa asiongee na Afande. Nilikuwa mjinga. Nilimwandika mzee asimame juu ya jiwe kwa sababu sura ilihitaji mtu wa kuwaita wengine, na sikumwona kwamba ana sura ya Papa.

Sasa nikuambie nisichokuambia. Kazi haijanibana. Mwezi wa Februari watu wenye bunduki walishambulia machimbo tunapofanyia kazi. Waliwapanga wenzangu wa maabara ukutani, mmoja mmoja, wakiwauliza sanduku la sampuli liko wapi. Mimi nilikimbia, nikapigwa risasi ya nyonga, nikalala kwenye mto mpaka walipoondoka. Nimekuwa nikikuandikia nikiwa kitandani kwa mapadri. Naanza kutembea kwa magongo. Sikutaka Papa ajue, kwa kuwa yeye alinionya nisije huku.

Nitakuja hivyo hivyo. Luc amekubali kunifunga kwenye pikipiki kwa kamba. Nitamwambia Afande kwa mdomo wangu kwamba ni mimi, na anifanye anachotaka. Kitabu ni changu, basi kinidai mimi.

Nisubiri. Usisome.

Viateur


Karuba, tarehe 18 Septemba 2022

Mdogo wangu Viateur,

Luc aliniambia mlivyorudishwa njiani, pale Nyabiondo, na mapigano, na kwamba kidonda chako kilifunguka njiani. Pole. Pole sana. Ningalikuwa najua habari ya nyonga yako nisingalikuandikia yale ya hasira. Mimi nina afya. Emérita ana afya. Wenye bunduki hawako tena Karuba.

Barua yako ya kunikataza ilifika siku iliyofuata mazishi.

Afande alisema ripoti ni uongo. Hii ni ripoti, nami nataka uiamini, kwa kuwa naiandika mara moja tu.

Si mimi niliyetoa sura. Papa aliichukua chini ya kitanda, akaenda nayo kanisani akiburuta mguu, akamwambia Afande: "Mutoto wangu ametubu. Ametuma mwisho wa kitabu." Afande akanipa nisome. Nilisoma, Viateur. Kama ningekataa wangempiga risasi pale pale, na kama ningesoma alikuwa amekwisha kuchagua. Nyuma yangu kanisa zima lilikuwa limejaa Wakaruba, na nilipofika kwenye majani mazuri na ndege waliokufa, kila mmoja alijua ni wapi. Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Nilipomaliza, Mzee Byukusenge asiye na meno alisema amina.

Tuliteremka kabla ya mapambazuko kwa njia ya ng'ombe. Hakukuwa na upepo. Afande alitupanga ukingoni na kusema tushuke. Papa akasema: "Tuko na majembe, tutaharibu alama. Mi njo nashuka peke. Nikiiona, naita." Akateremka polepole, kidevu juu, hakuinama hata kushika mguu wake unaomuuma. Akapanda juu ya jiwe kubwa la katikati. Akatoa mfukoni lile jiwe lako jeusi linalong'aa, ulilomletea likizo ya kwanza, analozuilia mlango. Akaliinua.

"Afande, iko hapa," alisema. "Iko mingi. Mukuje mbio, jua inakuja."

Walikimbia. Walisukumana. Walitupita sisi kwa mara ya kwanza tangu waje, kila mmoja anataka kufika kabla ya mwenzake, wakainama na kukwangua kama ulivyowaagiza. Wa kwanza alilala uso chini. Wa pili alicheka kuona mwenzake amejikwaa, akalala juu yake. Wengine walijaribu kunyanyuka, wakapiga magoti, wakajishika koo. Mmoja alikuwa anaita mama yake kwa lugha yao. Papa alikuwa juu ya jiwe, wima, mikono ameibana mbavuni, anawaangalia. Hakugeuza uso. Nilianza kuamini kwamba sura yako itamalizika kama ulivyoiandika, kwamba atashuka na kutembea vile vile na kidevu juu.

Lakini Afande hakuwa ameshuka. Alisimama ukingoni na mlinzi wake mmoja, akaona watu wake wanalala, akamwona mzee amesimama. Hakuelewa hewa. Alielewa mzee. Akampiga risasi ya goti.

Papa alianguka chini ya jiwe, na pale chini ndipo palipo na ile hewa. Alituangalia kidogo tu. Kisha basi.

Sasa sehemu ambayo nitaiandika kwa ufupi. Tulikuwa na majembe. Mlinzi alitupa bunduki akakimbilia upande wa barabara, hatukumfuata. Afande hakuwahi kugeuka. Emérita alimpiga kwa mkono wa kushoto. Mzee Byukusenge alimkalia miguu. Mimi nilikuwa na jembe langu, na nilipiga, na nilikuwa nasikia sauti yangu inasoma ule ukurasa wako wa panga, neno kwa neno, naujua kwa moyo. Sitakuambia niliacha lini. Jembe nililiosha, nimelirudisha shambani, tunalilimia.

Tulisubiri upepo mpaka jua likawa juu, tukamvuta Papa kwa kamba. Tulimrudisha nyumbani, tukamzika na Mama katika shimo moja, lile lile la mwanzo, kwa kuwa lilikuwa limeshachimbwa. Kilima kimejaa matundu. Tunayafukia kidogo kidogo na tumeanza kupanda maharagwe juu yake.

Kuna jambo linanishangaza. Mama Mukandori, ambaye alikuwa Sake siku hizo na hakuona kitu, anawaambia watu kwamba Papa wetu, Twizeyimana, alitoka bondeni kwa miguu yake, akarudi nyumbani akaomba maharagwe. Nilimuuliza amelitoa wapi. Akaniambia: "Si imeandikwa?" Na sasa hata walioshika kamba pamoja nami wameanza kusema hivyo hivyo. Sikuwabishia. Ukifikiria kuandika upya sura ile ili iwe ya kweli, usiandike. Iache ilivyo, Papa atoke.

Ukipona uje. Utapanda kwa upande wa maji ya ng'ombe. Kabla hujafika kwa wazazi utaona mkaratusi mmoja, ile mingine waliikata kuegemeza mashimo. Simama hapo chini ya mti, uvue kofia. Magloire yuko pale. Shimo la kwanza lilimwangukia siku ya pili ya kuchimba, wakatukataza kumfukua, wakasema wanapoteza muda. Tulimsikia akigonga kwa chepe mpaka jioni.

Ilikuwa kabla ya barua yangu ya kwanza. Nilikuandikia kwamba anakusalimu. Nilipofika kwenye mstari wa salamu mkono uliandika wenyewe, nikauangalia, nikauacha, kwa sababu ndani ya barua ile alikuwa bado anaweza kukusalimu.

Kwa hiyo usidhani ni wewe peke yako katika nyumba hii unayeandika roman.

Dada yako, Drocella